Ombi la Kutorithi Vidonge vya Baba Mkubwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimepangiwa upasuaji wa ngiri siku ya Ijumaa, hapa Mpanda mjini. Daktari alieleza kwamba maumivu ya baadaye huenda yakahitaji vidonge vikali, vile vya tramadol, kisha akauliza iwapo katika ukoo wetu yupo mtu aliyewahi kushindwa kuviacha. Nikajibu: hayupo. Uongo mtupu! Hayati baba mkubwa Malale alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akapewa vidonge hivyo kwa ajili ya kiuno. Kiuno kikapona, yeye hakupona. Alikufa akivitafuta.

Daktari akaongeza, bila kuulizwa, kwamba udhaifu huo huweza kurithiwa. Nami ndiye niliyepewa jina lake! Nimerudi nyumbani Nsemulwa.

Jumanne, 2 Septemba

Ufumbuzi umepatikana. Kwetu Wasukuma, mtoto akipewa jina la mtu huhesabiwa kuwa amechukua na tabia zake. Mimi mwenyewe nilisifiwa utotoni kwa kutembea kama baba mkubwa. Kwa hiyo urithi hupitia jina. Jina likiondoka, urithi unakosa mlango. Hoja isiyo na tundu!

Nimeandaa Tamko Rasmi la Kubadili Jina: aya tisa, zenye "kwa kuwa" sita na "hivyo basi" moja. Kuanzia leo mimi ni Bartolomeo, jina la babu mzaa mama, Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mkulima wa mpunga ambaye hakuonja hata togwa lililochacha.

Kasimu, mwandishi mwenzangu wa barua za watu, mwenye meza inayopakana na yangu karibu na ofisi za halmashauri, alilisoma akacheka hadi akaushikilia mwamvuli wake. Akauliza, eti huyo Bartolomeo atapasuliwa ngiri ya nani? Mtu anayefungua barua ya Serikali kwa "Habari za siku nyingi" ananihoji mimi!

Alhamisi, 4 Septemba

Nimewasilisha tamko kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali. Dada wa pale aliligeuza mara mbili, akauliza kama ni bima. Nikamfafanulia kwa ufasaha. Akasema sawa baba, liweke hapo. Neno "sawa" linatosha. Ni kibali.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya fedheha! Tumbo tupu, gauni la hospitali limefungwa nyuma kwa kamba moja. Muuguzi Pudensiana akatoka na faili, akaita Malale. Nikakaza kamba ya gauni. Akaita tena. Nikatazama dari, kwa kuwa kisheria aliyeitwa hayupo. Mara ya tatu akaita jina lingine, na mgonjwa wa nyuma yangu akaingizwa mbele yangu!

Hapo dada yangu Nyanzala, aliyenisindikiza, akasimama. Alitangaza kwa sauti ya kuitia ng'ombe kwamba Malale ni huyu hapa, kichwa ngumu, amelikataa jina kwa kuogopa vidonge vilivyommaliza baba mkubwa. Korido nzima ikasikia. Mzee mmoja mwenye bandeji akasema we Malale, ingia basi, na sisi tuna njaa.

Daktari akaitwa. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake akamshukuru Nyanzala! Akasema hilo ndilo alilolihitaji tangu Jumatatu. Kwamba vinasaba havisomi hati. Vimo mwilini, hata nikijiita Kabati. Kwamba kuwa na ndugu wa namna ile huongeza uwezekano lakini si hukumu, na hakuna kinasaba kimoja kinachoamua peke yake; kiasi cha dawa na idadi ya siku za kuimeza navyo vina uzito wake. Hivyo nitaanza na dawa za kawaida, na vile vikali vitakuwa vichache, vya siku tatu tu, Nyanzala akivitunza.

Machozi yalinitoka. Si ya ngiri.

Jumatatu, 8 Septemba

Nipo nyumbani. Kidonda kinavuta nikikohoa. Asubuhi Nyanzala alinionyesha kidonge kikali cha mwisho, akauliza kama ninakihitaji. Nilijikagua kama karani anavyokagua mhuri. Maumivu: yapo, madogo. Hamu: hakuna. Hakuna kabisa! Nikamwambia akirudishe hospitali.

Akakaa kwenye kigoda, akalia kidogo. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akimficha baba mkubwa vidonge vyake, naye kila mara alivipata. Sikuwahi kujua. Nikamshika mkono. Chai ya leo imekuwa tamu kupita zote za mwaka huu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nyuzi zimetolewa. Mzima kabisa! Hata Kasimu amekiri kwamba nimenawiri. Ni dhahiri tamko langu lilifanya kazi. Daktari aliona aibu tu kulikubali mbele ya watu.

Hata hivyo, muuguzi Pudensiana alinipima presha, akaikuta juu kidogo, akauliza ni nani katika ukoo aliyekuwa nayo. Nyanzala akawahi kujibu: babu Bartolomeo wa Mamba, ilimwangusha katikati ya mpunga.

Nimelibeba jina hilo siku kumi na tatu!

Muuguzi alisema nipunguze chumvi na nirudi kupimwa baada ya wiki mbili. Ushauri wa juu juu. Nimefika nyumbani nikatoa karatasi safi. Nimechunguza ukoo pande zote mbili: hakuna Gideon hata mmoja, mzima wala mgonjwa. Aya ya kwanza ya tamko jipya imekamilika: "Kwa kuwa mwombaji hajawahi kuwa na undugu na Gideon yeyote, aliye hai au aliyefariki..."