Malalamiko Dhidi ya Wino wa Bluu Unaosomeka Mno

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vifaa vya Ofisi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na meza yako haina vumbi. Mimi ni mtunza masjala, mwaka wa ishirini na sita sasa, na ofisini huniita Mzee Jalada. Kila barua inayoingia naiandika kwenye daftari kubwa: imetoka kwa nani, imewekwa kabati gani. Mwezi wa pili mkaguzi wenu alisifu wino fulani wa bluu wa kalamu za kujaza, akasema unafaa kwa kuandika kila siku, akaupa nyota nne na nusu. Nikamwamini, mtu mzima mwenzangu, nikanunua chupa. Sasa naomba nyota zote mzichukue, kwa sababu zifuatazo.

1. Unakauka upesi. Wino wangu wa zamani, mweusi, niliokuwa nauongezea maji mwenyewe, ulitaka kupulizwa. Naandika mstari, napuliza, natazama dirishani, napuliza tena, na mgeni mbele yangu anasubiri kwa adabu akijua kuna kazi kubwa inafanyika. Huu wenu, nikiinua kalamu tu umeshakauka, na mgeni ananitazama akidhani nimemaliza.

2. Hauvuji upande wa pili wa ukurasa. Daftari lililokuwa likijaa kwa miezi minne sasa litakwenda miezi minane. Ile safari yangu ya stoo kuomba daftari jipya, ambayo nikiifanya vizuri huchukua siku mbili, imekufa.

3. Haufutiki kwa maji. Na mkaguzi wenu alilisema hilo kama sifa! Nilipoteza barua ya fundi bomba, nikafanya kama afanyavyo mtumishi yeyote mwenye busara: nikaumwagia chai ule mstari daftarini. Nikapangusa. Mstari ukabaki vile vile, tena unang'aa. Ikabidi niitafute barua yenyewe, jamani, na kumbe nilikuwa nimeikalia.

4. Unasomeka. Hapa, Ndugu Mhariri, nakuomba ukae chini.

Nilipaswa kustaafu miaka mitatu iliyopita. Kila mwaka bosi ameniongezea mwaka mmoja, na sababu naijua: hakuna kiumbe mwingine aliyeweza kusoma daftari langu. Anayetaka jalada sharti aje kwangu, anisalimie, aniulize hali ya mgongo, ndipo nimsomee. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwandiko ule nimeujenga kwa miaka, na wino ule mweusi ulinisaidia kwa kutambaa mpaka ukurasa mzima ukafanana na njia ya siafu.

Basi wiki ya tatu ya wino wenu nilitoka kidogo kunywa chai. Niliporudi nilimkuta bosi amesimama katikati ya masjala, jalada mkononi, meno yote nje. Alikuwa amesoma mwenyewe: "Kabati la pili, rafu ya chini, nyuma ya mwavuli wangu." Akaenda. Akalipata. Peke yake! Lo, nilijiona nimevuliwa nguo hadharani.

5. Unasomeka hata pembeni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika maoni yangu pembezoni mwa daftari, kwa usalama kabisa. Bosi, kwa kuwa alishanogewa na kusoma, akaendelea. Akakuta: "Barua hii bosi ameishika siku kumi na tisa, sijui anaiatamia." Akakuta na maoni yangu juu ya hotuba zake, ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mtu wa heshima kama wewe. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa Kiswahili sanifu.

6. Mwaka huu sikuongezewa. Jumatatu nimepewa barua ya shukrani, na mama mmoja kutoka idara ya ugavi ameletwa akae pembeni yangu ajifunze kazi. Kufika saa nne alikuwa ameshajifunza yote. Ijumaa kuna keki na hotuba. Akufukuzaye hakwambii toka. Wino huu umetia kitumbua changu mchanga, na nakwambia bila aibu: naogopa. Nyumbani hakuna jalada hata moja. Mke wangu, mkunga mstaafu, ana bustani yake, mashoga zake na ratiba yake. Mimi nitawekwa rafu gani humo?

Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kwamba wino huu haufai kwa kuandika kila siku, labda mara moja kwa mwaka, tena wosia. Wauzaji nao walazimishwe kumuuliza mnunuzi amebakiza miaka mingapi kazini. Kiwanda kitoe chupa maalumu kwa watumishi wa siku nyingi, yenye wino wa kuvuja, kutambaa na kukataa kukauka. Na mkaguzi wenu aje hapa kabla ya Ijumaa, amweleze bosi kitaalamu kwamba alichokisoma sicho nilichokiandika.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, msahihishaji, anayewafagilia, na mamako mzazi kama yupo. Mkaguzi msalimie pia, ila kwa mbali.

Wako mwenye uchungu unaosomeka vizuri,
Mzee Jalada,
Mtunza Masjala (hadi Ijumaa)

Nyongeza: Nimekwenda kwa mhazili wa bosi kuomba bahasha, nikamsomea barua hii anipe maoni. Amecheka mpaka akashikilia kabati. Kisha amenitolea jalada langu mimi mwenyewe, ambalo sikuwahi kuruhusiwa kulifungua. Kumbe nilikuwa naongezewa miaka kwa sababu ya barua tatu, moja kila mwaka, na zote ni za mke wangu. Anamsihi bosi anibakize, kwa kuwa likizo moja tu niliyokaa nyumbani nilibandika namba kwenye sufuria zote na kumtaka asaini kila akichukua kikaango. Ya nne ni ya mwaka huu, kwa wino huu huu wa bluu, maana chupa huwa narudi nayo nyumbani. Ina mstari mmoja: "Safari hii nirudishieni mume wangu, kunywa chai peke yangu kumenichosha." Nimeisoma mara tano, wala haikunipa taabu. Tafadhali futeni namba moja hadi sita. Ijumaa naondoka saa sita kamili. Hiyo keki na hotuba watajua wenyewe.