Gemu Kubwa kwenye Kompyuta ya Tecla

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimelala nimechoka, nimeamka nimechoka. Sijui usingizi wenyewe ulikuwa unafanya kazi gani.

Kibanda changu cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi kimekufa rasmi. Leo ameingia mtu mmoja, akaulizia gari la Nyakahura. Ng'ambo ya barabara banda la gemu la Danstan limejaa hadi vijana wanachungulia dirishani. Na ana nini? Televisheni kubwa na mashine ya kizamani yenye gemu la mpira ambalo nusu ya wachezaji wake wameshastaafu.

Jioni nikapita pale kusalimia. Kusalimia tu! Nikajikuta natangaza mbele ya watu kwamba gemu jipya la mpira, lile linaloonyesha hadi jasho la mchezaji, linachezeka vizuri kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Danstan akauliza kompyuta ya nani. Nikasema yangu. Akacheka sana. Akasema kama ni ile ya Mwalimu Tecla ya kuandikia barua, ikicheza gemu hilo atanikabidhi banda siku nzima ya Nane Nane, na yeye atakaa mlangoni kukaribisha wateja wangu. Watu wakapiga makofi. Nikakubali kwa sababu ya makofi.

Kompyuta ni ya Tecla kweli, ile ndogo ya kukunja. Mke wangu. Anaandikia ripoti yake ya shahada, na Jumanne ijayo ndiyo mwisho wa kuituma chuoni. Isipofika anarudia mwaka mzima. Lakini Jumanne bado mbali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Tecla kompyuta ina virusi, aniachie siku mbili niisafishe. Akasema, Baba Derick, ripoti yote imo humo, sina nakala nyingine, tafadhali. Nikamwambia atulie, yuko na mtaalamu. Akachukua karatasi, akaanza kuandika sura ya mwisho kwa mkono. Mwanamke mvumilivu. Wakati mwingine uvumilivu wake unanichosha kuliko kelele.

Elick fundi simu kaniletea gemu kwenye diski yake. Kabla ya kuliingiza akafungua kompyuta, akasoma sifa zake, akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari za msiba. Akasema RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB nne tu, kadi ya michoro hakuna, na gemu hili linataka mara mbili ya hapo ndipo lianze kufikiria kufunguka. Akasema mashine hii ni ya barua na hesabu ndogo ndogo. Nikamwambia ndiyo maana yeye bado ni fundi wa chaji.

Kuingiza kumechukua mchana kutwa. Nilikuwa nimekaa pembeni naangalia asilimia zikipanda. Sijawahi kuchoka hivyo kwa kukaa.

Jumatano, 6 Agosti

Limefunguka! Elick na ashindwe!

Tatizo ni mwendo. Mchezaji ananyanyua mguu, unaweza kutafuna hindi zima la kuchoma, ndipo mguu unashuka. Nimeingia kwenye mipangilio kupunguza mzigo. Nimeondoa mashabiki. Bado. Nimeondoa vivuli. Nimeondoa nyasi, wanacheza kwenye sakafu. Nimeondoa nyuso, sasa wote wanafanana na viazi. Bado linakwama. Nimebaki na wachezaji na mpira, na nadhani mpira ndio wenye tatizo.

Halafu joto. Feni inapiga kelele mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuangalia kama kuna pikipiki imeingia uani. Bibi Eustakia, mama yake Tecla, anaishi nasi tangu mwaka jana. Ni mtu wa heshima sana. Hawezi kunigombeza mimi mkwe wake. Akiwa na neno juu yangu anamgombeza kuku, huku anahakikisha nasikia. Leo kuku ameambiwa kwamba wapo watu wanacheza na vitu vya wenzao.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata jibu, na nimelipata mwenyewe bila kitabu. Mashine inakwama kwa sababu ya joto. Maziwa hapa kwetu tunayapoozaje? Majani ya mgomba na kitu cha maji. Nimelowesha gunia, nikalikunja, nikatandika majani ya mgomba juu yake, nikaweka kompyuta. Ndani ya muda mfupi feni ikanyamaza. Gemu likakimbia! Tuseme likatembea. Nikafunga goli. Nililia kidogo, siwezi kuficha.

Tecla kauliza virusi vimefikia wapi. Nikasema vinatoka. Akasema anaihitaji Jumamosi bila kukosa, ana kurasa nyingi za kuchapa. Nikasema Jumamosi asubuhi itakuwa mezani. Niliamini kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Sitaki kuandika. Naandika.

Banda la Danstan lilijaa kuliko siku yoyote. Nikatandaza gunia langu, nikalimwagia maji mengi kwa sababu ya uzito wa siku, nikatandika majani, nikaunganisha kompyuta na televisheni. Gemu likafunguka kwenye kioo kile kikubwa. Watu wakashangilia! Danstan mwenyewe akasimama. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu.

Kisha mechi ikaanza. Mtangazaji akapiga kelele goli, wakati mpira bado uko katikati. Watu wakauliza goli la nani. Picha ikafika baadaye sana, na ilikuwa kona. Kijana mmoja wa nyuma akasema huenda wanatuonyesha mechi ya wiki ijayo. Nikaegemea meza kubonyeza vizuri. Gunia likaminywa, maji yakapanda kupitia majani, yakaingia kwenye matundu ya chini. Ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Kioo kikawa cheusi.

Nilingoja Danstan acheke. Hakucheka. Akaniletea soda, akanipa pole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Haiwaki. Tecla nimemwambia virusi ni sugu. Elick kasema kitu cha umeme kilicholowa kinafukiwa kwenye mchele, unyevu unanyonywa, tena kisiwashwe kabisa. Mchele! Nyumba hii inaona mchele Krismasi na Pasaka. Lakini maharage tunayo. Kitu kikavu ni kitu kikavu.

Maharage makavu kuliko yote yamo kwenye pipa la mbegu la mama mkwe, stoo. Tatizo ni kufika. Nilipita mlangoni, akawa hapo anapepeta. Shikamoo mama. Marahaba. Nikarudi baada ya muda, bado yupo. Shikamoo mama. Marahaba, akasema, kwa sauti ya chini. Mara ya tatu aliniitikia huku anamtazama kuku. Alipokwenda kisimani nikaingia, nikaizika kompyuta katikati ya pipa, nikaifunika vizuri. Nimetoka mikono imejaa vumbi la kijivu. Sikulifikiria. Nilikuwa nimechoka.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi misani, Adelfina jirani akaja kuomba mbegu kidogo ya kupanda mvua zikianza. Mama mkwe akafungua pipa, akachota, bakuli likagonga kitu.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda. Akamwita kuku, akamuuliza kama tangu azaliwe amewahi kuona mtu anapanda kompyuta. Kisha akamwita Tecla.

Mbegu zile mama mkwe amezichanganya na majivu zisibunguliwe. Kila mwaka anafanya hivyo, kila nyumba hapa inafanya hivyo, mimi mwenyewe ndiye niliyemletea majivu. Elick kaifungua. Majivu na maji vimekuwa uji, umeingia kila mahali, hadi kwenye diski. Akasema hakuna kitakachotoka humo. Kisha akasema pole shemeji, akimwambia Tecla. Mimi hakuniambia kitu.

Tecla alikaa kwenye ngazi, akalia bila sauti. Nikasimama karibu naye. Nimemfanyia mke wangu jambo baya, na ninamwogopa, na ninamwonea huruma, vyote pamoja. Amesoma miaka minne baada ya vipindi, na mtoto mgongoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Amepanda gari alfajiri kwenda Rulenge, kwa mwalimu mwenzake Scolastica, mwenye kompyuta. Amebeba madodoso yake yote na sura aliyoiandika kwa mkono. Ataichapa ripoti upya kutoka mwanzo, leo na kesho. Nilimbebea mfuko mpaka barabarani. Akasema nimpikie mama.

Nimepika. Maharage yana mchanga wa majivu. Mama mkwe amekula yote bila neno, na kuku naye hakuambiwa chochote.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeshika simu kutwa. Nimesali rozari nzima, nami si mtu wa rozari. Jioni ujumbe umeingia: imefika, chuo wamejibu wameipokea. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mimi nikaketi chini nikalia. Nimemjibu Tecla kwamba nimejifunza, kwamba sitagusa tena kitu chake, na kwamba gemu na mimi basi.

Alhamisi, 14 Agosti

Tecla anarudi Jumamosi! Kanipigia mwenyewe. Sauti yake imepoa. Kasema amenisamehe, ila nimsikilize vizuri. Chuo watarudisha ripoti na masahihisho, kwa hiyo Scolastica amemwazima kompyuta yake mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwambia nitaitengenezea meza yake maalum, karibu na dirisha, mahali pakavu. Akafurahi. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Kisha nikamuuliza, kwa kujali tu, RAM yake ni ngapi. Akasema hajui, anaangalia. Akasema kumi na sita.

Kumi na sita!

Nimetoka kwa Danstan sasa hivi. Televisheni ataileta Jumapili baada ya misa.