Elieth Apelekwa Ng'ambo

Jumatatu, 6 Machi 1995. Sirari.

Nimeamka na wazo. Kubwa! Mwaka 1963 nilikaa miezi kumi Denmark, kwa mpango wa kubadilishana vijana, nyumbani kwa seremala. Yeye hakujua Kiswahili, mimi sikuwaweza samaki wao wa siki. Siku ya kuagana tulilia wote wawili. Hapo nikafahamu kusudi la mpango ule. Si vyeti. Ni kulala chini ya paa la mgeni mpaka asiwe mgeni tena. Tangu nihamishwe kutoka Nyambureti, miaka ishirini na moja sasa, mimi ni mgeni kila mahali. Bado naamini.

Aende nani? Mjukuu wangu Elieth. Miaka kumi na tisa, ameacha kidato cha tatu, anaosha mchanga wa dhahabu machimboni kama wenzake wote. Akiionja dunia atarudi darasani. Denmark mbali. Isebania, Kenya, dakika kumi kwa miguu. Kimataifa vilevile!

Jumatano, 8 Machi.

Nimevuka mpaka. Mwenyeji amepatikana: Bibi Wegesa, mjane, nyumba kubwa, hana mtoto wa kiume. Nilimweleza saa nzima. Binti atakuwa wa nyumba yake. Nyumba zetu mbili zitaungana. Machozi yakamlengalenga. Sijawahi kueleweka namna hii! Akauliza mimi nataka nini. Nikasema, amani kati ya mataifa. Akasema ataongeza na ng'ombe.

Ijumaa, 10 Machi.

Elieth amekubali wiki mbili, kwa sharti nisimhubirie tena. Wegesa amekuja na wazee wanne na ng'ombe sita. Sita! Seremala alinipa soksi. Nimewapokea, nimeshukuru kwa hotuba fupi, dakika arobaini. Nilisimama mpakani nikimtazama Elieth akipotelea kati ya malori. Nikaona mabara yakisogeleana.

Jumapili, 12 Machi.

Balaa. Elieth amerudi akihema. Wegesa amemwita mke! Ni nyumba ntobu, desturi ya Wakurya: mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akaoa binti ili amzalie mrithi wa nyumba. Nilishasoma habari zake. Sikudhani zinanihusu.

"Babu, umenioza kwa bibi! Huko Ulaya nako walikutolea mahari?"

Nikasema nia yangu ilikuwa safi. Akasema nia ibaki, ng'ombe waondoke. Akafungua zizi, akawaswaga mwenyewe hadi Isebania. Wegesa hana kinyongo. Amesema tu kwamba yule mzee anaongea vizuri mno.

Jumatatu, 13 Machi.

Elieth amefunga sanduku. Anarudi shule, bweni! Nikauliza, na dhahabu? Akajibu kwamba machimboni namfikia kwa basi moja, lakini bwenini wageni huingia mara moja kwa mwezi. Atakuwa darasani! Mpango umefaulu kuliko nilivyoota.

Alhamisi, 16 Machi.

Isebania tena. Safari hii tubadilishane walimu. Nimemchagua Christina, mwalimu wa miaka arobaini, binti wa Mzee Machage. Na nimejifunza: sipokei tena ng'ombe. Natoa. Nimempelekea Machage mtamba wangu wa pekee, nikamwomba Christina aje akae kwangu. Akauliza kama nina mke. Nikasema alifariki zamani. Nyumba ni kimya, imejaa vitabu tu. Akanishika mkono, hakuuachia upesi. Ameagiza pombe, ameita ukoo mzima. Watu wakarimu ajabu! Christina ametolewa ndani kwa vigelegele, amevaa kitenge kipya, hanitazami usoni. Mwanamke mwenye haya. Atawafaa sana wanafunzi wetu.