Samaki kwenye Dirisha la Jikoni

Jumatatu, 5 Julai 1993

Mvua. Ukungu. Baridi ya kugonganisha meno. Mteja: Mzee Boniface peke yake. Kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi, na nadhani anakishika ili apashe mikono moto tu.

Mchana kaja mdogo wangu Lugano. Alikuwa anatabasamu, nikajua kuna ubaya. Kasema baba anakuja kutoka Lupepo Jumapili tarehe kumi na nane, baada ya ibada, kuangalia kama hoteli yangu bado ni hoteli. Nyumba ni ya baba. Akikuta watu, inabaki kwangu. Akikuta imelala, anampa Lugano aweke televisheni na deki, awaonyeshe vijana mikanda ya karate. Eti siku hizi kila kitu ruksa, na watu wa Bagamoyo hii yetu ya milimani, siyo ile ya pwani, hawataki chai, wanataka kutazama kitu.

Kutazama kitu! Asante sana, Lugano. Kule Mbeya, kwa mganga mmoja wa meno, niliwahi kuona tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Nilikwenda kung'olewa jino nikasahau kuumwa. Watu walijaa pale, wengine hata meno hayawasumbui. Na samaki hawahitaji umeme.

Nimemwambia mke wangu Winfrida. Kasema wateja wanataka maandazi ya moto na paa lisilovuja. Nimechoka kueleweshana na watu wasio na maono.

Jumatano, 7 Julai

Fundi Amoni, anayetengeneza madirisha na majeneza, kakubali kutengeneza tangi. Kioo hana. Tumekitoa dirisha la chumbani kwetu, pale tumeweka boksi. Winfrida kalala na koti na hakusema neno. Ningependa aseme neno.

Maungio tumeziba kwa lami tuliyoomba kwa watu wa barabara. Maji ya kwanza yote yaliishia kwenye viatu vya Mzee Boniface. Ya pili yamevuja kidogo. Tangi lenyewe dogo, kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Nilidhani litakuwa kubwa zaidi. Mambo yangu mengi huwa hivyo.

Ijumaa, 9 Julai

Matema, ziwani. Safari ya kutwa nzima, na ndoo magotini.

Muuza samaki anaitwa mama Tusekile. Nilimwambia nataka samaki wa kutazama, siyo wa kula. Akawaita wenzake waje wanitazame mimi. Walipomaliza kucheka akanionyesha samaki wa mawe, wadogo, wazuri ajabu. Akasema kila dume ana jiwe lake na hataki kumwona mwenzake. Madume wawili kwenye sanduku kama hilo langu watauana. Nichukue dume mmoja na majike kadhaa, na mawe mengi ya kujifichia.

Nimewaona hao majike. Rangi ya matope. Nani atatoka nyumbani kwake kwa mvua aje kutazama matope? Nimechukua madume wawili, mmoja wa bluu, mmoja wa manjano. Mimi nimelala chumba kimoja na Lugano utoto mzima na hakuna aliyekufa. Mama Tusekile kasema shauri yangu. Njia nzima ya kupanda maji yalikuwa yananimwagikia. Nimefika nimelowa mpaka soksi.

Jumamosi, 10 Julai

Watu wamejaa! Mpaka mlangoni! Wa Bluu kamshika wa Manjano mkia asubuhi na hakumwachia mpaka adhuhuri. Vijana walishangilia. Hakuna aliyeagiza hata kikombe. Lugano naye alikuja, akasimama mbele kabisa, akasema ni sawa na mkanda wake mmoja, ila wake una muziki.

Jioni wa Manjano hana mkia, na wote wawili wameganda kwa baridi. Nimewamiminia maji ya moto ya chupa. Chupa niliyochukua ilikuwa ya chai ya rangi. Loo! Ila hawakufa. Wa Bluu hata kachangamka.

Wanahitaji joto. Joto liko jikoni. Kati ya jikoni na ukumbi kuna lile dirisha la kupitishia sahani. Nimeng'oa kibao chake, nimeingiza tangi pale. Limekaa kama lilizaliwa hapo! Nyuma moto, mbele wateja.

Winfrida kauliza, na baba akija? Swali lake lina maana, nakubali. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Baba akitokea njiani, Winfrida anaingia migombani. Kanisani wanasema mambo hayo yaachwe, na baba mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini kwa hili hataki kusikia cha mchungaji wala cha nani. Tangu nioe, anakula chakula cha Winfrida kikipitia dirishani, na kibao kinafungwa kabla mkono haujaonekana vizuri. Nimemwambia Winfrida maji yenyewe yana rangi ya chai. Haonekani mtu humo. Aache kunitafutia matatizo, ninayo ya kutosha.

Jumatatu, 12 Julai

Wa Manjano kafariki. Nimekwenda Ikuti kwa mtu mwenye bwawa, nimeleta perege wanne. Wamelelewa shambani, wapole, wanakula majani. Nilifikiri upole wao utamtuliza wa Bluu.

Wa Bluu kawapanga wote kwenye kona moja, na kona hiyo hawatoki. Yeye peke yake anatembea tangi zima kama mwenye nyumba. Nimemsema kwa sauti. Mzee Boniface kaniuliza naongea na nani.

Maji sasa ni mazito. Nimekuwa nawapa maandazi, ugali na utumbo wa kuku, maana sijui nani anapenda nini. Yananuka. Wateja wamepungua. Winfrida anapika maandazi amejifunga kitambaa puani. Nilimwambia avumilie, akasema anavumilia, na alivyolisema hilo neno lilinikaa moyoni siku nzima.

Jumatano, 14 Julai

Lugano ana moyo mzuri kumbe. Kaja na kopo, ndani yake kambale, zawadi. Kasema kambale anasafisha tangi, anakula uchafu tu. Anakaa chini, hana neno na mtu. Ana sharubu na sura ya mzee wa baraza. Nimemshukuru Lugano, nimempa andazi. Kumbe siku zote nilikuwa namwonea.

Alhamisi, 15 Julai

Perege wawili.

Ijumaa, 16 Julai

Perege hakuna. Wa Bluu hakuna. Kambale yuko. Kanenepa.

Nimekaa kwenye benchi saa nzima bila kufanya chochote. Nilimfikiria yule wa Bluu. Alikuwa jeuri, lakini alikuwa mzuri jamani. Nilitaka kulia, na Mzee Boniface alikuwepo, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Lugano kapita kuuliza hali ya samaki. Alikuwa anatabasamu tena.

Haya! Sikati tamaa. Kambale ni samaki pia. Kesho natoa maji yote machafu, naosha kioo kwa majivu, naweka maji safi ya bomba. Baba atamwona kambale mpaka sharubu ya mwisho.

Jumapili, 18 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Maji yalikuwa safi kama hayapo. Nilikuwa nimewakusanya watu kumi na zaidi kwa kuwaahidi chai ya bure. Baba akaingia na koti lake la kanisani na kofia, Lugano nyuma yake. Baba akatazama watu, akatikisa kichwa kwa kuridhika! Nilimwona! Nikamketisha kiti cha mlangoni, nikaeleza habari za samaki. Akauliza yuko wapi. Hakuonekana. Kambale alikuwa kajibana kwenye kona ya chini, upande wa jikoni, ambako kuna joto.

Nikakimbilia jikoni. Winfrida alikuwa kwenye jiko la maandazi, ameupa ukuta mgongo, amejifunika khanga kichwani, anajitahidi maskini asionekane. Nikamwambia achukue mwiko amchokoe kambale atoke. Akauliza baba yuko wapi. Nikasema mlangoni, mbali kabisa. Ilikuwa kweli wakati nasema! Nikarudi ukumbini mbio, na kichwani kwangu hakukuwa na kitu kingine ila kambale, nikamwambia baba asogee, asogee karibu kabisa, sasa hivi anatokea.

Baba akasogea. Akavua kofia. Akabandika uso kwenye kioo.

Upande wa pili Winfrida akainama na mwiko, akabandika uso kwenye kioo.

Maji yale yanakuza vitu. Kila mmoja aliuona uso wa mwenzake, mkubwa kama sinia, na kambale katikati.

Winfrida akapiga ukelele, mwiko ukagonga kioo, lami ikaachia, maji yote yakaingia ukumbini. Baba alijifunika uso kwa kofia akatoka mbio mvuani, akagonga nguzo, akaendelea. Mzee wa watu! Kambale kapita miguuni kwa wateja, na wao wakapanda juu ya mabenchi. Winfrida kajifungia chumbani, analia. Nimebisha mlango, kasema niende nikakae na samaki wangu.

Lugano peke yake ndiye aliyekunywa chai yake mpaka mwisho.

Jumanne, 20 Julai

Wazee wa ukoo wameketi ukumbini kwangu. Wamesema macho yakishakutana hayawezi kurudishwa. Basi achinjwe mbuzi, mkamwana na baba mkwe wasalimiane rasmi, waanze kuzungumza kama watu wengine. Mbuzi wangu. Kambale naye kapikwa, maana kulikuwa na watu wengi.

Winfrida akatoka ameinamisha macho. Baba naye alikuwa anazungusha kofia mikononi, nimemwona. Akasema ndaga, asante mwanangu, ndaga kwa chakula cha miaka yote hii. Halafu akasema hajawahi kupata nafasi ya kusema hivyo. Winfrida alilia, na wazee wawili wakapenga makamasi.

Baada ya hapo wakaanza kuongea, na hawakunyamaza tena! Baba akauliza nani anapika maandazi. Nani anaamka kuwasha moto. Kwa nini chumbani kuna boksi dirishani. Winfrida akajibu yote, kwa heshima, taratibu, bila kunisema vibaya hata mara moja. Ndiyo maana ilisikika vibaya hivyo. Mara baba anacheka! Mimi katika maisha yangu sijawahi kumchekesha baba. Nilikuwa uani naosha masufuria, naona wivu, kisha naona aibu ya kumwonea wivu mke wangu mwenyewe.

Jioni baba akatuita. Lugano akaja amenyoosha shati, mimi nikaja na mikono yenye masizi. Baba akasema miaka yote aliambiwa hoteli hii inaendeshwa na mimi, Meshaki, na kumbe mtu mwenye akili alikuwa nyuma ya kibao. Nyumba hampi Lugano. Wala haibaki kwangu. Ni ya Winfrida, na wazee wameshuhudia.

Tabasamu la Lugano likakatika. Hilo peke yake ndilo lililonifurahisha leo.

Jumapili, 25 Julai

Winfrida ni mwenye nyumba mpya, na hajui kuchagua. Kamruhusu Lugano alete televisheni yake jioni, kwa sharti kwamba kila anayeingia anywe chai na ale andazi! Karate na chai, chumba kimoja! Nilimwonya hawataelewana. Jana watu walikosa pa kukaa, na Lugano alikuwa anapokea sahani na kusema shikamoo kwa kila mzee. Mimi nilifuta meza. Ni bahati tu, haitadumu.

Tangi Winfrida kamwambia Amoni alizibe upya, kaliweka mezani, kalijaza maandazi. Wapita njia wanayaona mpaka barabarani. Yanakwisha kabla ya saa nne.

Lakini nimelitazama asubuhi nzima, na naona wazi kinachokosekana. Maandazi hayatembei! Kosa langu lilikuwa maji. Maji yanavuja, yanapoa, yananuka. Kitu kikavu, chenye uhai, hapo sawa.

Winfrida yuko kwaya. Nimeyasogeza maandazi upande mmoja. Upande wa pili nimeweka vifaranga vitano vya bata kutoka Ikuti, laini mno, na mtoto wa paka niliyepewa na Mzee Boniface. Wote wachanga, watakua pamoja. Paka hajaondoa macho kwao tangu nimweke, na ametulia kabisa, mkia tu ndio unatikisika. Upendo wa namna hii sijawahi kuuona.