Mionzi ya Simu Inaua Povu

Manjonjo aliingia baa ile kukimbia jua tu. Lakini macho yake, ambayo hayajui likizo, yakaona kreti. Kreti juu ya kreti mpaka dari, zote za bia nyeusi, ile wanayoiita stauti, zote zimelala na vumbi.

"Hizo vipi, bosi?"

Mwenye baa, bahili mpaka wateja wanamwita Kufuli, akaguna. "Nilizipata kwa bei ya kutupa. Kumbe niliyetupwa ni mimi. Watu wanasema chungu kama dawa ya mbuzi."

"Chungu?" Manjonjo akashika kifua kama kaletewa taarifa ya msiba. "Kaka, wanainywa bila chakula! Huyo ni bibi harusi. Unamtoa ukumbini peke yake, bwana harusi hayupo, unategemea vigelegele?"

Hapo hapo akawa mtaalamu. Na jamani, stauti yenyewe hajawahi kuiweka mdomoni! Yeye ni mtu wa soda ya chungwa. Ila alichokiona si bia. Aliona jioni ya maonjo, aliona watu wazito wa mjini wanaopenda kuonekana wanajua vitu, na aliona simu zao zile za kung'aa.

"Tuwaalike wenye nazo," akasema. "Nyama ya kuchoma na stauti, halafu keki ya chokoleti na stauti. Wakinogewa, stoo inabaki nyeupe. Mlango wa nyuma uko wapi?"

Kufuli akamwonyesha. Aliyesimama kwenye jiko akageuka. Ni mdogo wake mke wa Kufuli, mpishi wa pale, baa nzima inamwita Shemeji hata wasiohusika. Akamtazama Manjonjo juu mpaka chini. Akaendelea kukata kitunguu, polepole.

Jumamosi watu wakajaa. Mwenye duka la vipuri, mama wa saluni, daktari wa meno na mkewe, wote wamenukia mpaka nyama ikaona aibu. Manjonjo, tai shingoni, akapita na kikapu chenye kitambaa cheupe.

"Waheshimiwa, simu humu. Mionzi ya simu inaua povu."

"Inaua kabisa?" mama wa saluni akauliza.

"Povu likifa, mama, unakunywa maiti."

Akatangulia kutumbukiza ya kwake ili wamwamini. Zikaingia zote, pwa pwa pwa. Daktari wa meno akawa anatikisa kichwa kama vile hata yeye alisomea hilo chuoni.

"Sasa vitambaa machoni. Ulimi hauoni vizuri macho yakiwa wazi. Tafuna, piga funda, tafuna. Asifungue mtu mpaka nigonge glasi."

Wakajifunga, watu wazima na heshima zao! Manjonjo akabeba kikapu, kunyata mpaka jikoni, hatua chache tu na mlango ule wa nyuma.

"Mwalimu," Shemeji akamkinga na sahani. "Wewe mwenyewe hujaonja."

"Nimeshaonja sana maishani, dada."

"Cha kwangu hujaonja. Au unanidharau?"

Ubishi ungeleta kelele. Akaweka kikapu chini.

"Funga macho," Shemeji akasema. "Si ndivyo unavyofundisha?"

Akafunga. Nyama ikaingia, mafuta yakatiririka, kisha funda la stauti. Mama yangu! Ule uchungu ukayakamata mafuta, ukayabembeleza, kikatoka kitu kama kahawa, kama mkate ulioungua kidogo pale pembeni panapogombaniwa. Manjonjo akasahau kazi. "Tena," akanong'ona. Akalishwa tena, macho bado kayafumba, anatabasamu kama mtoto anayebebwa.

Alipozinduka akanyakua kikapu, akachomoka. Uchochoroni akafunua kitambaa.

Viazi.

Dirisha la jikoni likafunguka. "Hivyo ni vya chipsi za kesho, mwalimu. Virudishe."

"Dada, simu yangu..."

"Ipo na wenzake, kwenye sufuria. Haina hata namba ya siri! Kwenye picha zako nimekuona umevaa joho la mchungaji. Nimekuona na koti la daktari wa mifugo. Ng'ombe alipona?"

Simu ile ni ofisi yake yote, na sasa ni ushahidi wake wote.

"Unataka nini?"

"Mtaalamu wa chakula anayeuliza mlango wa nyuma kabla hajauliza jiko, nilijua tu. Stoo ya shemeji yangu iishe leo. Ukinimalizia, unapata simu yako, unapotea. Usipomaliza, picha wanaziona wote."

Akarudi. Akagonga glasi, vitambaa vikavuliwa, keki ikaletwa. Akaonja na yeye, na moyo ukamlainika kabisa.

"Ndugu zangu," akasema, "niseme ukweli. Hii bia nimeionja leo kwa mara ya kwanza. Na kwa keki hii, sijawahi kula kitu kitamu hivi."

Mwenye vipuri akasukuma glasi pembeni. "Aa, mwalimu. Hapo sasa unatudanganya."

"Tuletewe soda tu," akasema mama wa saluni.

Mlangoni Shemeji alikuwa ameinua simu ya Manjonjo, kidole kiko juu ya kioo.

Manjonjo akakohoa, akanyoosha tai.

"Waheshimiwa, nilikuwa nawapima. Siri yenyewe ni hii: stauti inaotesha nywele."

Mwenye vipuri akajipapasa upara. Akajipapasa tena.

"Nileteeni kreti mbili," akasema. "Na ile ya pale juu."