Dakika Moja ya Kimya kwa Kocha Frane

Jumatatu, 3 Machi
Tumefungwa tena, nne bila. Watazamaji wa kuhesabu kwa vidole, na mbwa. Mbwa aliondoka mapumziko. Mwenyekiti Jozo kasema uwanja usipojaa Jumapili, ukocha wa klabu yetu, Galeb, anapewa Tonći Škarica. Tonći! Nilicheza naye miaka yote ile, hajui hata kurusha mpira! Mabao yote ya klabu hii ni yangu, lakini watu wanakumbuka penalti moja tu niliyoipaisha kwenye fainali ya kombe. Binadamu hana shukrani.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Wazo! Nimetengeneza tangazo. Picha yangu ya ujana, fremu nyeusi, maana rangi zetu ni nyeusi na nyeupe. Chini yake: FRANE BULAT, 1986–2004. Miaka yangu uwanjani. Halafu: Jumapili saa tisa, uwanja wa Galeb, njooni nyote. Nimelibandika kwenye ubao wa kanisa, katikati ya matangazo ya vifo. Ndio ubao pekee ambao mji mzima huusoma kila asubuhi. Akili ni mali! Ila milango ya kanisa ilikuwa wazi mbele na nyuma, upepo ukanipiga shingoni, nimeugua. Nimelala kitandani. Simu nimeizima, Jozo asinisumbue.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yangu Nevenka kaja kutoka Zadar, kavaa nyeusi tupu. Kanikuta nakula dagaa. Kapiga yowe, kanikumbatia, kisha kanizaba kofi. Eti mji mzima unajua nimekufa! Bibi mmoja sokoni kamwambia kwamba hata kwenye tangazo la kifo nimejipunguzia umri. Nikauliza kama kuna waliolia. Wengi, kasema. Hata Tonći, kule mkahawani, kalia mpaka akawanunulia wote vinywaji. Nilifurahi, kisha nikahuzunika. Nikiwa hai hajaninunulia hata maji. Nevenka kaniamuru nikalibandue. Nimemwahidi. Jumapili, baada ya saa tisa.

Jumapili, 9 Machi
Umejaa! Watu mpaka juu ya ukuta wa makaburi yaliyo kando ya uwanja. Mashada! Nilijificha chumba cha jezi. Jozo akasoma wasifu wangu kwa kipaza sauti, penalti hakuitaja. Nikalia. Wakasimama kimya, dakika moja. Sikuweza kuvumilia, nikatoka kuwapungia mkono. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kisha sauti jukwaani: "We Frane! Hata kaburi umelikosa!" Uwanja mzima ukacheka, ukazomea, wakabeba mashada yao wakaenda zao.

Tonći alikuwa ameshakaa benchi, filimbi yangu shingoni. Jozo akasema amempa kazi tangu Alhamisi, kwa heshima ya marehemu. Nikamkumbusha kwamba uwanja umejaa. Akasema watu walimjia marehemu, si mimi. Hilo limeniuma kuliko penalti.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Simu nimeiwasha, hailii. Nimekwenda kulibandua tangazo. Kando yake pana la marehemu jirani yetu, la kumbukumbu: mwaka umetimia tangu afe, kabandikwa upya, na watu wamesimama mvuani wanamsikitikia upya.

Langu nimerudi nalo, nimelipiga pasi. Machi ijayo. Picha kubwa zaidi.