Kerneli Yangu Nyepesi

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamua! Kompyuta ya Mama ni nzito kama gunia la saruji. Nitaiundia kerneli mpya, yaani ule moyo wa mfumo wa Linux unaoamsha mashine nzima. Mama ni fundi cherehani, na Alhamisi anakata gauni la bibi harusi. Mchoro wa gauni umo ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Muda tele! Dada, anayesomea kompyuta chuoni, aliniuliza kama nina homa. Wivu tu.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi! Orodha ya vitu vya kutia ndani ya kerneli ni ndefu mno. Nimeondoa kila nisichokijua. Mashine ikachemka tangu nilipotoka shule hadi chakula cha jioni, paka akiota joto juu yake. Matokeo: kerneli nyepesi, nzuri!

Tatizo dogo. Sehemu ya diski ya kuwashia imejaa, faili la kerneli mpya haliingii. Dada akanisihi: mdogo wangu, ile ya zamani usiiguse, ndiyo itakayokuokoa. Kuniokoa na nini? Nimeifuta.

Jumatano, 11 Juni

Kompyuta inasema haioni diski. Diski imo tumboni mwake! Nimeizima, nimeiwasha. Nimeipuliza vumbi. Nimeisemesha kwa upole. Wapi!

Mama akauliza mbona kioo cheusi. Nikamwambia inapumzika. Akasema hata yeye angependa kupumzika, ila bibi harusi keshapiga simu tena.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Mama alikaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, mkasi mkononi. Bora angenigombeza. Nikamwamsha Dada. Akaiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wake, akatazama nilivyoviondoa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe kimojawapo ndicho kinachoiwezesha kerneli kusoma diski! Akaweka kerneli ya kawaida. Mchoro huo! Mama akakata gauni. Akaniambia, mwanangu, ukiigusa tena kompyuta yangu, kitambaa kinachofuata ni wewe.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Kompyuta ya Mama ni kuukuu, haikuniweza. Ya Mwalimu Mkuu ni mpya kabisa, na ndani yake mna matokeo ya mtihani ya shule nzima. Amekubali niipunguzie uzito. Hajawahi kuonana na Dada.

Nafasi ilikuwa finyu kidogo. Nimeanza kwa kufuta kerneli ya zamani.